Mwongozo wa binti anayetaka kuwa mhandisi wa anga, akianzia Nairobi

Kila muhula maswali ni yale yale. "Nataka kuunda ndege, nichukue masomo gani?" "C+ itanitosha?" "Mhandisi wa anga ndiye rubani?" "Lazima niende ng'ambo?" Mwongozo huu unayajibu kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe, tangu madaftari ya shule hadi usajili wa uhandisi. Umeandikiwa msichana aliye kati ya Gredi ya 7 na mwaka wa kwanza wa chuo, anayeishi Nairobi au viungani mwake. Kaka yako akiusoma hatadhurika, ila yapo humu mambo yanayowapata wasichana zaidi, nayo yametajwa waziwazi.

Uwe na vitu hivi kabla ya kuanza

- Daftari moja nene la miraba. Hili si la shule. Ni la vipimo na michoro yako.
- Kikokotoo cha kisayansi kisichopokea programu, maana ndicho kinachoruhusiwa kwenye mtihani. Zoea kimoja, usibadilishe kila mwaka.
- Rula ya sentimita 30, mkasi, penseli, selotepu, karatasi mbili ngumu za manila, vijiti vitano vya mishikaki vya sentimita 30 na udongo wa kufinyanga wa watoto.
- Simu yenye kamera na saa ya kupimia sekunde. Kompyuta itahitajika baadaye, si leo.
- Mahali pa kusomea penye kimya. Kama nyumbani ni chumba kimoja na televisheni haizimwi, tumia maktaba: McMillan iliyoko Banda Street, au ya taifa.
- Mtu mzima mmoja anayejua mpango wako wote: mzazi, shangazi, mwalimu. Atatia sahihi barua na kukutetea siku ya kuchagua masomo.

Hatua ya 1: Tofautisha kazi tatu

Rubani huendesha ndege. Mhandisi wa matengenezo huikagua, huirekebisha, kisha hutia sahihi kwamba iko salama kuruka; leseni yake hutolewa na Mamlaka ya Safari za Ndege, KCAA. Mhandisi wa usanifu, ambaye ndiye anayezungumziwa zaidi hapa, hukokotoa: bawa liwe na umbo gani, kiungo kibebe uzito gani kabla hakijapasuka, satelaiti itapoaje pasipo hewa ya kuipoza.

Kosa linalowagharimu wazazi pesa nyingi ni kumwandikisha binti kozi ya wahudumu wa ndege au ya kukata tiketi, kwa kuwa tangazo lilikuwa na neno "anga" na picha ya ndege. Hizo ni kazi halali, lakini hazifiki kwenye uhandisi. Kabla ya kulipa hata shilingi, uliza chuo swali hili: "Nikimaliza nitapewa cheti gani, na nani anakitambua?" Shahada ya uhandisi hutambuliwa na Bodi ya Wahandisi wa Kenya, EBK. Leseni ya matengenezo ni ya KCAA. Jibu likianza kuzungukazunguka, ondoka.

Hatua ya 2: Linda Fizikia

Ukiwa Sekondari ya Juu, chagua mkondo wa STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati) wenye Hisabati kamili, Fizikia na Kemia. Ile hisabati nyepesi ya mikondo mingine haitakufikisha. Somo la Usafiri wa Anga limo katika orodha ya masomo ya kiufundi, lakini ni shule chache zilizo na vifaa vyake. Likikosekana kwenu, usihame shule kwa ajili yake. Likiwepo, lichukue tu iwapo halikunyang'anyi Fizikia.

Ukiwa miongoni mwa watahiniwa wa mwisho wa KCSE, masomo ya kulinda ni yale yale matatu. C+ ya jumla ndiyo sakafu ya kuingia shahada, si tikiti ya uhandisi. KUCCPS, shirika linalogawa nafasi za vyuo, hupanga wanafunzi kwa alama za kundi la masomo manne, juu kabisa zikiwa 48, na kozi za uhandisi hugombaniwa. Lenga B+ kwenda juu katika Hisabati na Fizikia ili usikae ukihesabu bahati.

Onyo: katika shule nyingi za wasichana mtu huambiwa aache Fizikia "ili asiharibu wastani." Wastani ni wa shule, maisha ni yako. Omba muhula mmoja wa ziada, peleka maendeleo yako kwa maandishi, na yule mtu mzima aandamane nawe.

Hatua ya 3: Fanya hesabu kila siku, dakika 40

Dakika 40 kwa siku tano zinashinda saa tano za Jumapili. Mada zenye uzito katika kazi hii ni trigonometria, vekta, aljebra ya milinganyo, logi, na kalkulasi unapoifikia. Takwimu zinafaa pia, lakini hizo zinaweza kusubiri.

Kila wiki chukua swali moja kutoka mjini kwako. Hili hapa la kuanzia. Uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, ulioko Embakasi, uko takriban mita 1,620 juu ya usawa wa bahari. Kwa kipimo cha hewa sanifu, hewa pale ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 15. Nguvu inayoinua bawa hufuata uzito wa hewa na mraba wa kasi. Je, ndege ile ile, yenye mzigo ule ule, ikimbie kasi zaidi kiasi gani ili inyanyuke Embakasi? Gawanya 1 kwa 0.85, tafuta kipeuo cha pili: utapata kama 1.08, yaani asilimia 8 zaidi. Injini nazo hupungukiwa nguvu kwenye hewa hiyo hiyo. Sasa unajua kwa nini barabara ya kurukia pale inazidi kilomita 4, na kwa nini adhuhuri ya joto huwasumbua marubani kuliko alfajiri.

Wengi hukosea kwa kukariri fomula bila vizio. Andika kizio kwenye kila mstari: mita, sekunde, kilo, nyutoni. Vizio visipolingana mwishoni, jibu ni kosa hata kama namba inapendeza.

Hatua ya 4: Unda ndege ya kuelea, uipime

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, na ndiyo inayofundisha kuliko zote. Tenga Jumamosi moja.

a) Kata bawa kutoka kwenye manila: urefu sentimita 36, upana sentimita 8. Kunja ukingo wa mbele kwa sentimita 1 kuelekea chini na uubane kwa selotepu. Mkunjo huo ndio uti wa bawa. Upana unaobaki ni sentimita 7.

b) Kunja bawa katikati kidogo, ili kila ncha iinuke sentimita 3 juu ya meza. Umbo hili la V pana hurudisha ndege sawa inapolala upande. Bawa bapa kabisa litaviringika.

c) Kata mkia wa kulala, sentimita 12 kwa 4, na mkia wa kusimama, sentimita 5 kwa 5.

d) Kijiti cha mshikaki ndicho kiwiliwili. Kata ncha kali kwanza, maana kitu hiki kitaruka usawa wa macho ya watu. Ukingo wa mbele wa bawa ukae sentimita 8 kutoka puani. Mikia ikae mwisho kabisa wa nyuma. Tazama kutoka mbele: mkia wa kusimama uwe wima, bawa lisiwe limepinda.

e) Pinda ukingo wa nyuma wa mkia wa kulala kwenda juu kwa milimita 2.

f) Bandika udongo puani kidogo kidogo. Weka ncha za vidole viwili chini ya bawa, sentimita 2 nyuma ya ukingo wa mbele, kila upande kidole kimoja. Ndege ikitulia bila kuinamia mbele wala nyuma, kitovu cha uzito kiko mahali pake, kama asilimia 30 ya upana wa bawa. Hiki ndicho kipimo muhimu kuliko vyote humu. Ndege kubwa za abiria nazo hukokotolewa kitovu cha uzito kabla ya kila safari.

g) Rushia ndani ya ukumbi au uwanjani alfajiri kabla ya upepo. Shika kijiti chini ya bawa, kwenye usawa wa bega, pua ikitazama chini kidogo, kisha isukume kama unayempitishia mtu kitu. Usiitupe kama jiwe.

h) Rusha mara tano bila kubadilisha chochote. Pima umbali kwa mita, andika kila mmoja, tafuta wastani, kisha gawanya kwa kimo cha bega lako. Bega la mita 1.3 na wastani wa mita 5.2 vinakupa 4: kwa kila mita inayoshuka, ndege husonga mita 4. Namba hiyo ndiyo unayopigania kuipandisha.

Ikipanda, ikasita, kisha ikaanguka kwa mkia, pua ni nyepesi: ongeza udongo wa ukubwa wa punje ya dengu. Ikipiga mbizi moja kwa moja, punguza udongo au pinda mkia juu milimita moja zaidi. Ikikata kona upande mmoja, karibu kila mara bawa la upande huo limepinda; nyoosha bawa kabla hujagusa mkia. Na badilisha kitu kimoja tu kwa kila mirusho mitano. Anayebadilisha vitatu pamoja hatajua kipi kilisaidia, na hapo ameacha uhandisi ameanza kubahatisha.

Ukimaliza ya kwanza, unda ya pili yenye bawa la sentimita 48 kwa 6 na ulinganishe. Usiambiwe matokeo, yapime.

Onyo kuhusu droni: usinunue na kurusha tu. Droni nchini husajiliwa na KCAA, na sehemu kubwa ya Nairobi iko karibu na viwanja vya ndege: Jomo Kenyatta, Wilson, na kambi ya jeshi la anga ya Eastleigh. Manila haihitaji kibali.

Hatua ya 5: Chora, kisha andika programu

Anza na mkono: kila kitu unachounda kichore kutoka juu, mbele na ubavuni, kwa vipimo vya milimita. Baadaye, kwenye kompyuta ya shule au ya saiba, tumia FreeCAD kwa michoro, XFLR5 kwa mabawa na OpenRocket kwa roketi. Zote ni za bure. Lugha ya kuanzia programu ni Python. Kazi yako ya kwanza iwe ndogo: ipe ile mirusho mitano, ikutolee wastani na mchoro. Vipuri vya kielektroniki utavipata Luthuli Avenue. Nenda na orodha iliyoandikwa, uulize bei maduka matatu, na ukijaribishe kifaa kabla hujatoka dukani.

Hatua ya 6: Chagua chuo

Jijini kuna njia za moja kwa moja. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya, pale Haile Selassie Avenue, kina shahada ya uhandisi wa ndege. Chuo Kikuu cha Kenyatta, kando ya barabara ya Thika, kina ya uhandisi wa anga. Shahada ya uhandisi nchini ni miaka mitano, kwa hiyo piga hesabu ya karo na nauli ya miaka mitano, siyo minne kama ya jirani anayesomea biashara. Omba mkopo wa serikali mapema na uhifadhi nakala ya kila fomu.

Kwa upande wa matengenezo, Shule ya Usafiri wa Anga ya Afrika Mashariki iko Embakasi.

Njia ya pembeni nayo ni halali kabisa: uhandisi wa mitambo au wa umeme, kisha kuingilia anga kwa shahada ya pili. Tarehe 12 Desemba 1970, roketi aina ya Scout ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, nje ya pwani ya Malindi, ikibeba setilaiti ya kwanza kabisa iliyotengwa kwa uchunguzi wa eksirei kutoka angani. Meneja wa mradi huo NASA alikuwa mwanamke, Marjorie Townsend, naye alisomea uhandisi wa umeme. Setilaiti ilipewa jina Uhuru kwa sababu siku ile ilikuwa sikukuu yetu ya uhuru. Setilaiti ndogo ya kwanza ya Kenya, 1KUNS-PF, iliyoachiwa kutoka kituo cha anga cha kimataifa Mei 2018, nayo ilitoka Chuo Kikuu cha Nairobi kikishirikiana na Chuo Kikuu cha Sapienza cha Roma. Huhitaji neno "anga" kwenye cheti ili ufanye kazi ya anga.

Kabla ya kuthibitisha nafasi, hakikisha kwa EBK kwamba kozi hiyo hasa, katika chuo hicho hasa, imeidhinishwa. Usitosheke na jina kubwa la chuo. Mwenye shahada isiyotambuliwa hugundua siku anapoomba usajili, na wakati huo miaka mitano imekwenda.

Hatua ya 7: Chuoni, usingoje mwaka wa tano

Mwaka wa kwanza ni hesabu na michoro. Wengi hulalamika hawajaiona ndege. Vumilia, lakini jiunge na mradi wa wanafunzi tangu muhula wa kwanza. Katika chuo kikuu cha JKUAT kuna Nakuja, mradi wa roketi. Kama chuoni kwako hakuna, watu wanne na karakana vinatosha kuanza.

Barua za mafunzo ya kazini zipeleke miezi minne kabla, si wiki mbili. Wilson kuna karakana nyingi za ndege ndogo, na ndogo ndizo zinazokuruhusu kugusa. Beba barua ya chuo, bima, kitambulisho na nakala za matokeo, maana kuingia eneo la ndege kunahitaji kibali na kibali huchukua muda.

Siku ya kwanza karakanani: vua pete, bangili na hereni, funga nywele au misuko ndani ya kofia, suruali, si sketi. Omba buti na ovaroli za saizi yako. Buti kubwa la mwanamume hukukwaza kwenye ngazi, na ovaroli inayoning'inia hunaswa na mashine. Hesabu zana unapozichukua na unapozirudisha. Spana moja iliyosahaulika ndani ya injini huizuia ndege isitoke mpaka ipatikane.

Ukiona unapewa kuchemsha chai na kupanga faili huku wenzako wa kiume wakifungua injini, nenda kwa msimamizi na kitabu chako cha kumbukumbu mkononi: "Chuo kinataka nijaze kazi hizi, naomba nipangiwe." Kitabu hubishana vizuri kuliko mdomo.

Hatua ya 8: Jisajili

Ukihitimu, jisajili EBK kama mhandisi mhitimu mara moja, usisubiri ajira. Baada ya angalau miaka mitatu ya kazi iliyosimamiwa, unaweza kuomba kuwa mhandisi kamili. Tunza kumbukumbu za kazi kila mwezi, zenye sahihi ya msimamizi. Kuziandika upya baada ya miaka mitatu, msimamizi akiwa amehama, ni adhabu.

Kuhusu ng'ambo, jua hili mapema. Ajira za serikali NASA ni za raia wa Marekani, na shirika la anga la Ulaya huajiri raia wa nchi wanachama wake. Sheria za Marekani za kudhibiti teknolojia hufunga milango mingi ya kampuni binafsi pia. Mwanaanga Kalpana Chawla alimaliza shahada ya uhandisi wa ndege India mwaka 1982, akaendelea na masomo Marekani, akawa raia, na aliruka angani mwaka 1997. Njia ipo, ila ni ndefu. Shahada ya pili haina kizuizi kama hicho: kuna ufadhili wa serikali ya Japani, MEXT, na wa Ujerumani kupitia DAAD, yenye ofisi Nairobi. Na usiwaze ng'ambo pekee. Shirika la Anga la Kenya lipo tangu 2017 na setilaiti Taifa-1 ilirushwa Aprili 2023.

Mambo yakikwama

*Shule haina maabara ya Fizikia ya maana.* Ile ndege ya manila ni maabara. Pendulo ya uzi na nati, mteremko wa ubao na gololi: kwa saa ya simu utapata vipimo vinavyofaa.

*Nimepata D katika Hisabati.* Chukua karatasi zako tatu za mwisho, panga makosa kwa mada. Kwa kawaida mada mbili au tatu ndizo zinazokula alama nyingi. Anza na sehemu na aljebra. Zikiyumba hizo, kila kitu juu yake huyumba.

*Darasa ninalohitaji limefungwa kwangu.* Omba kwa barua, tena kwa mkuu. Mary Jackson alihitaji ruhusa ya mji ili aketi kwenye masomo ya jioni katika shule ya wazungu huko Virginia. Aliomba, akapewa, na mwaka 1958 akawa mhandisi wa kwanza mwanamke mweusi NASA.

*Nimekosa alama za shahada.* Ingia kwa stashahada ya uhandisi wa mitambo, umeme au ndege, kisha uombe kupanda shahada. Uliza kwa maandishi, kabla ya kuanza, ni vyuo gani vitakubali stashahada hiyo.

*Nyumbani wanasema hakuna kazi.* Usibishane kwa ndoto. Waonyeshe kwamba aliyesomea mitambo au umeme anaweza pia kufanya kazi kwenye umeme wa jua, viwanda na reli huku akitafuta ya anga.

*Ndege yangu ya manila bado inaanguka.* Rudi kwenye (f). Karibu kila mara ni udongo wa puani.